Tulipomwinua Kobe

Nyuki wakitaka kuhama, hawaondoki tu hivi hivi. Hiyo nilifundishwa na Susu, mama mzaa baba, huko kwetu Ukambani, kabla hata sijang'oa meno ya mbele. Babu alikuwa ametundika mizinga ya magogo kwa miti ya kando ya mto, na Susu, ingawa haikuwa kawaida mwanamke kugusa mzinga, ndiye alijua habari za nyuki kuliko mwenyewe. Alikuwa ananishika mkono, tunasimama mbali kidogo, halafu ananiambia, "Sikiza." Mimi nasikia vuuu tu. Yeye anasikia habari. "Hawa bado wako," anasema. "Lakini wale wa kule wameanza kufunga mizigo." Nikamuuliza nyuki ana mzigo gani. Alicheka mpaka ugoro ukamtoka puani.

Siku moja walitoka kweli. Wakajishika kwa tawi, mmoja juu ya mwingine, wakaning'inia kama ndevu za mzee. Susu akachukua debe bovu na kijiti, mimi akanipa kifuniko cha sufuria, tukapiga kelele kama wendawazimu, na mkono wa pili tunarusha mchanga juu. Wanasema nyuki akisikia hivyo anafikiri ni mvua ya radi, anatua. Walitua. Ama walichoka, mimi sijui. Susu akaketi chini na jasho, akanivuta karibu, akanipa neno ambalo bado liko kwa hiki kichwa chenye mvi: "Kitu kikitaka kuhama, kinajitayarisha kwanza. Wewe angalia matayarisho. Ukiona matayarisho, piga debe."

Mimi ni mtu wa darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa hivyo mkiniona nimeacha njia mahali, msiende bila mimi. Nitarudi. Nimewaletea nyuki kwanza kwa sababu bila hao nyuki hamtaelewa ni kwa nini mtoto mdogo alikaa akilinda gari kama askari wa benki.

Kilichonikumbusha ni harufu. Juzi mjukuu wangu Mutua alinitoa nyumbani akanipeleka kwa gereji yao hapa Kitengela, karibu na barabara ya Namanga, nione gari aliyonunua. Hawa vijana wanapenda magari ya zamani siku hizi. Gari ambayo sisi tungeifugia kuku, wao wanaipiga rangi, wanaivalisha magurudumu makubwa, halafu Jumapili wanaenda kusimama nayo mahali wakipigana picha.

"Susu, cheki vile imesimama!" Mutua akasema. Susu siku hizi ni mimi. "Hii sasa ni klasiki. Imesimama kama simba."

"Simba hasimami hivyo," nikamwambia. "Hiyo imesimama kama mtu amekanyaga mavi."

Wenzake wakacheka wakapigana mabega. Mimi pia nilikuwa nacheka. Halafu nikasogea nione hizo tairi, zilikuwa mpya, jua limezipiga tangu asubuhi, na ile harufu ya mpira moto ikanipanda, na nikashika boneti kwa mikono miwili. Ilikuwa gari ya aina ile ile. Macho yale ya mviringo, tako lile la kuteremka. Kitu pekee ambacho hakikuwa pale ni mtu wa kupiga magoti kando ya gurudumu akiwa na spana mdomoni.

"Susu, uko poa? Leteni kiti!" Kiti hakikuwako. Wakaniketisha juu ya tairi.

"Ni jua tu," nikasema.

Sasa rudini na mimi. Babu alipokufa, baba alikuwa tayari amepata kazi ya udereva kwa machimbo ya mawe ya huku, kwa hivyo tulihama, tukajenga Noonkopir, hapa hapa Kitengela. Msifikirie Noonkopir ya maghorofa. Ilikuwa nyumba chache za mabati, vumbi, na nyumbu wanapita nyuma ya choo. Nyumba yetu ilikuwa na mama, baba, mimi, na ndugu yangu Kimeu aliyekuwa bado anatambaa. Kulikuwa na mwingine kati yangu na Kimeu, msichana. Huyo homa ilimchukua, na alilala nyuma ya nyumba, chini ya mawe ambayo mama aliyapanga kwa mkono wake.

Mimi niliitwa Mwende, jina la huyo Susu wa nyuki. Na kwetu, mtoto akiitwa jina la mama yako, yeye ni mama yako. Kwa hivyo baba hakuniita Mwende hata siku moja. Aliniita Mwaitu, yaani mama. "Mwaitu, niletee maji." "Mwaitu, umekula?" Mtoto akiitwa mama na mtu mkubwa kila siku, mwishowe anaamini. Niliona kabisa kwamba huyu mwanamume ni wa kutunzwa na mimi.

Gari tuliachiwa na mzungu wa machimbo alipokuwa anarudi kwao. Ilikuwa saluni, ile gari ndogo ya kubeba watu, nzuri ya kukaa ndani, lakini tumbo lake lilikuwa chini sana. Barabara za huko zilikuwa za mawe, na kila jiwe lilimpiga tumbo, kwangaa, kwangaa, mama anashika kichwa, baba anasema, "Pole mzee," si kwa mama, kwa gari. Rafiki yake baba, Parsaloi, Mmaasai aliyechunga ng'ombe zake karibu na sisi, ndiye aliyempa jina. "Hii si gari," alisema. "Hii ni kobe. Inabeba nyumba yake, na tumbo chini." Basi akawa Kobe.

Tairi za Kobe nilizijua kama vile mtu anajua uso wa jirani. Zilikuwa na mistari ya kona kona, kama mshono wa kikapu cha kiondo. Baba akirudi kazini, vumbi la mbele ya nyumba lilibaki na viondo viwili virefu, kutoka barabarani mpaka mlangoni. Nilikuwa natembea juu yake nikiweka mguu mbele ya mguu.

Halafu likaja neno Rombo.

Baba alienda huko na lori ya kazi, upande wa Loitokitok, karibu na mpaka wa Tanzania, na akarudi mtu mwingine. Alileta gunia la vitunguu vikubwa, nyumba yote ikanuka vitunguu, na alikula akiwa anaongea, kitu ambacho yeye mwenyewe alitukataza. Maji! Huko maji yanatoka mlimani, yanapita kwa mfereji mchana na usiku, mvua inyeshe isinyeshe. Kuna mzee amemkatia kipande cha shamba alime. Machimbo yanamla kifua, alisema, anakohoa unga. Kule atalima vitunguu, nyanya, apumue.

"Na tutafika huko na nini?" mama akauliza.

"Na Kobe."

"Kobe hawezi kufika hata kwa kanisa bila kulia."

"Nikimwekea magurudumu makubwa ataenda. Ninamwinua hivi," baba akaonyesha na viganja, "jiwe linapita chini. Hata mvua ikinyesha nitafika Rombo."

Mama alikuwa anapanguza sufuria. Alipanguza kwa muda mrefu mahali pamoja. "Enda basi," akasema. "Gari ni yako, na barabara ni ya serikali."

Mimi nilikuwa chini ya meza na Kimeu. Watu wazima wanafikiri chini ya meza ni nchi nyingine. Baba alisema *nitafika*, hakusema *tutafika*. Na mama alisema *enda*. Nikahesabu hayo maneno kwa akili yangu ya mtoto nikapata jibu: baba anataka kuhama kama nyuki, na magurudumu makubwa ndiyo matayarisho.

Tangu siku hiyo sikucheza tena. Watoto wa jirani wakiniita, nasema niko na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuketi juu ya bampa ya nyuma ya Kobe. Kila asubuhi nikiamka, kabla ya kukojoa, natoka nje nione kama viondo vimeongezeka kwa vumbi. Tumbo lilikuwa linaniuma, mama akaninywesha muarobaini akifikiri ni minyoo. Nikanywa. Ningemwambia nini? Kwamba mtoto wako wa miaka michache ndiye anazuia ndoa yako isivunjike, tafadhali usimsumbue na dawa?

Magurudumu yalitoka Kajiado mjini. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mbuzi huko, Mzee Hussein, mtu wa kaskazini mwenye ndevu nyekundu za hina, na pikapu yake ilikuwa imekufa injini. Baba alikuwa amemsaidia mara nyingi hiyo pikapu ikiwa hai, kwa hivyo sasa imekufa alimwambia avue magurudumu yote, na ile ya akiba pia. Baba alinibeba siku hiyo. Mzee Hussein alinipa tende, akaniuliza, "Wewe mama mdogo, mbona umekunja uso? Baba yako anakutengenezea farasi!" Sikula tende. Niliishika mpaka ikayeyuka mkononi.

Kumvalisha Kobe kulichukua siku nyingi, za jioni jioni baada ya kazi. Wenzangu mnaoona vijana wakibadilisha magurudumu sasa hivi kwa mashine inayolia trrr, sisi haikuwa hivyo. Udongo wetu ulikuwa mweusi, jeki inazama kama uko kwa uji. Baba akaweka jiwe pana chini ya jeki, juu ya jiwe ubao. Matundu ya nati yalilingana na ya Kobe, hiyo ndiyo ilikuwa bahati ya kwanza, na baba alipiga makofi peke yake. Lakini gurudumu lilipoingia, mpira ukagusa chuma cha ndani. Akatafuta ringi za chuma, akaweka katikati ili gurudumu litoke nje kidogo. Likatoka nje, sasa ukikata kona linagusa madigadi ya mbele, yale mabati ya kufunika tairi. Akapiga madigadi na nyundo kutoka ndani, polepole, akiwa ameweka gunia ili rangi isipasuke. Nyuma akaongeza springi ya ile pikapu. Kila mahali akitoa shida moja inaingia nyingine, na mimi kila shida nilikuwa naikaribisha kama mgeni. *Asante Mungu, limegusa. Asante Mungu, ringi imepasuka.*

Parsaloi ndiye alikuwa mtu wa kushika na kuinua. Alikuwa na nguvu na mdomo pia.

"Mkamba," anamwambia baba, "sisi ng'ombe akiwa mfupi tunamwacha hivyo hivyo. Hatumfungii mbao miguuni."

"Wewe shika hapo. Usiachilie."

"Nimeshika. Lakini huyu hata ukimwinua, akili bado ni ya kobe."

Siku alipoteremshwa kutoka kwa jeki ya mwisho akasimama na miguu yake minne mipya, Parsaloi alitembea akimzunguka, fimbo mgongoni, akasema, "Eee. Kobe amekuwa mbuni." Baba alicheka sijawahi kumwona akicheka hivyo. Alilala chini kifudifudi akapita chini ya gari mwili wote, upande huu akatokea upande ule, mtu mzima, shati la kazi. "Mwaitu, kuja nawe upite!" Nikapita. Huko chini kulikuwa na giza la joto na harufu ya grisi, na kulikuwa na nafasi kubwa. Nafasi kubwa sana. Hapo ndipo niliogopa kabisa.

Akanionyesha na kitu kingine, kwa dashibodi, ule mshale wa spidi. "Sasa huu utakuwa unadanganya," akasema. "Gurudumu kubwa likizunguka mara moja linakula njia ndefu, lakini mshale haujui, unahesabu kama zamani. Ukiuona unasema tunaenda polepole, wewe jua tayari tunaenda mbio." Nililiweka hilo pia akilini pamoja na mambo mengine ya kuogopa.

Tairi za zamani hazikutupwa. Kwetu huku tairi haitupwi. Parsaloi alizikata na kisu akatengeneza akala, vile viatu vya mpira ambavyo Wamaasai wanatembea navyo mpaka dunia iishe. Alimpimia baba mguu juu ya mpira, akamkatia jozi. Kipande kilichobaki akanikatia mimi. Za kwangu zilikuwa nzito, na chini zilikuwa na ile mistari ya kiondo. Mama hakutaka za kwake. "Mimi niko na viatu," alisema, na alikuwa miguu mitupu.

Sasa ikabaki kumjaribu Kobe na uzito. Baba alikuwa na neno lake: gari tupu ni mwongo. Ikiwa tupu itakuambia iko sawa, ijaze watu ndiyo utasikia ukweli. Kwa hivyo Jumamosi mchana alialika uzito. Nacheka nikikumbuka. Walikuja akina mama wawili wa kanisa, wanene, waliochaguliwa kwa sababu hiyo na wao wakijua. Alikuja Parsaloi na mbuzi, kwa sababu alisema haendi Kajiado mikono mitupu. Watoto tukaingia katikati. Kiti cha mbele kikabaki, na hicho kilikuwa cha mama.

"Mama Mwende, ni wewe tunangoja," baba akaita.

Mama alikuwa mlangoni na Kimeu mgongoni. "Mimi si gunia la kujaribia gari."

"Ni mpaka Kajiado na kurudi tu."

"Leo ni Kajiado. Kesho ni wapi?"

Watu ndani ya gari wakaangalia magoti yao. Baba alisimama na mlango umefunguliwa. Halafu akaenda kando ya nyumba akarudi amebeba jiwe la kusagia, akaliweka kwa kiti cha mama, akaongeza lingine. Akina mama wa kanisa ni watu wa kupenda kicheko, na kicheko kingine kinatoka kwa aibu. "Haiya!" mmoja akasema. "Baba Mwende ameoa jiwe!" "Afadhali hilo halimjibu," akasema mwingine. Nilimwangalia mama kwa dirisha la nyuma mpaka vumbi likamfunika. Hakuwa anacheka.

Tulienda vizuri mpaka barabara ilipoanza mashimo. Hapo tukasikia, krrr, nyuma, kila gari ikizama. Krrr. Tairi inasugua madigadi. Halafu harufu ya mpira moto ikaingia ndani, mbuzi akapiga chafya. Baba alisimamisha, akateremka, akaweka kiganja juu ya tairi akakitoa haraka. Tulikuwa mahali wazi, upepo, nyasi za njano mpaka mwisho wa macho.

"Ni sisi, eti?" mama mmoja wa kanisa akauliza. "Ni uzito wetu?"

"Hapana, mama. Ni mimi. Nilipima ikiwa tupu."

Tukarudi polepole. Na mimi, kwa kiti cha nyuma, nimebanwa na mapaja ya watu wa Mungu, nilikuwa na furaha ambayo nilikuwa naificha na mikono. Gari imekataa. Nyuki wametua.

Lakini baba hakuwa mtu wa kukataliwa na bati. Jumapili watu wakiwa kanisani alichukua msumeno wa chuma akakata midomo ya madigadi ya nyuma, pande zote mbili. Hiyo gari alikuwa anaipangusa na shati lake mwenyewe, na sasa anaikata, na unga wa rangi unamwangukia magotini. Jioni akapakia mawe matupu, mengi kuliko watu, akazunguka nayo kwa mashimo mabaya kabisa. Kimya. Akarudi, akazima injini, akamwita mama.

"Mama Mwende, kuja uone. Haigusi tena."

"Nimeona kutoka hapa."

"Twende siku moja tu, uone shamba. Kuona si kuhama."

Mama akaja mpaka karibu na gari, na mimi nikiwa kwa bampa yangu nilisikia kila kitu. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Nilitoka kwetu nikaja kwa mama yako," akasema. "Nikatoka kwa mama yako nikaja hapa kwa vumbi. Nikazoea vumbi. Wewe ukisema hama, mimi nahama. Lakini yule," akaonyesha na kidevu nyuma ya nyumba, kule kwa mawe aliyoyapanga, "yule utampakia wapi? Kwa buti?"

Baba alikuwa na spana ya magurudumu mkononi. Aliiangalia kama kitu cha mtu mwingine. Halafu akainama akaiweka chini, polepole, bila kufanya sauti, na akazipanga zingine kando yake, ndogo mpaka kubwa. Hakuwa mtu wa kupanga spana. Mimi niliona hilo, nikafurahi. Nilijiambia, angekuwa anaenda angezitia ndani ya gari.

Asubuhi iliyofuata nilitoka nje kama kawaida. Vumbi lilikuwa safi. Kobe alikuwa mahali pake, mrefu, na umande kwa kioo. Nilipanda bampa, na kwa vile alikuwa amepanda juu, siku hizo nilikuwa nasaidiwa na jiwe. Mama alikuwa ameketi nje na ungo, anachambua maharagwe, Kimeu anakula yale mabaya.

Baba alikunywa chai amesimama. Akatoka amevaa akala na shati, basi. Hakuwa na koti, hakuwa na mfuko, hata kile kikebe cha chakula cha kazini hakubeba. Mikono mitupu. Nilimkagua kutoka kichwani mpaka chini kama vile Susu alikuwa anakagua mzinga.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Hapa mbele tu."

"Na gari?"

"Gari inabaki na wewe, Mwaitu."

Wenzangu, kama mmewahi kubeba debe la maji kutoka mbali halafu mtu akakutua, mnajua nilivyosikia. Shingo yote ilifunguka. Akaja akaniwekea kiganja juu ya kichwa, vile wazee wa Kimaasai wanasalimia watoto. Hakuwa amenifanyia hivyo hata siku moja. Nikafikiri ni mzaha wa Parsaloi ameuiga, nikainamisha kichwa sawasawa kama watoto wao, ili mzaha ukamilike. Kiganja kilikaa kidogo. Kilikuwa kinanuka mpira.

"Ukipita dukani, leta kiberiti," mama akasema bila kuinua macho kwa maharagwe.

"Haya," baba akasema.

Akatembea. Alikuwa na ule mwendo wa mtu anayeenda kuangalia kama mbuzi wameingia shambani. Nikamwangalia akipita kwa ua wa Parsaloi, akiinua mkono kwa mtu ambaye sikumwona. Na kwa sababu kazi yangu ya ulinzi ilikuwa imeisha, na nilikuwa mtoto tena kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, niliruka chini nikaenda kucheza.

Mchezo wenyewe ulikuwa pale pale kwa vumbi. Nyayo za baba zilikuwa na mistari ya kiondo. Ilikuwa alama ya Kobe wa zamani, yule mfupi, lakini sasa imekatwa vipande, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama gari imejifunza kutembea kwa miguu. Nikaweka akala yangu ndani ya ya kwanza. Mistari ikalala juu ya mistari. Nikaruka kwa ya pili. Niliruka hivyo, nikiimba kitu, mpaka barabara ya lami, na hapo nyayo zikaisha, kwa sababu lami haiweki alama ya mtu.

Alikuwa ameshafika mbali, upande wa Kajiado. Shati lake lilikuwa limejaa upepo. Huo mgongo ndio nilionao mpaka leo, kwa maana hakuna mtu wa kwetu aliyemwona tena, si Rombo alikoulizwa, si machimboni, si Ukambani kwa mama yake. Ningeita angesikia, njia ilikuwa kimya. Lakini sikuona sababu ya kuita mtu asiye na mzigo.

Nikageuka nikarudi mbio, kwa sababu nilikumbuka nimemwacha Kobe peke yake.